Kalamba dume au garasa? Namna ya kupima dili za NBA za Februari

Kwenye daftari langu la Februari 2008 kuna neno moja nimeliandika kwa herufi kubwa na kulipigia mistari miwili: WIZI. Kwenye NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, timu ya Lakers ilikuwa imemchukua Pau Gasol kutoka Memphis, na walichotoa, kwa macho yangu ya siku ile, kilikuwa makapi matupu. Kwame Brown, chaguo namba moja la mwaka 2001 ambaye hakuwahi kufikia matarajio. Kijana Javaris Crittenton. Aaron McKie, ambaye kwa kweli alikuwa ameshatundika viatu. Machaguo mawili ya raundi ya kwanza, yaani zamu za kuchagua chipukizi kwenye drafti ya kila mwaka. Halafu haki za kumsajili Mhispania mmoja aliyechaguliwa wa 48 kwenye drafti ya 2007. Jina la huyu wa mwisho nililiandika kwa herufi ndogo pembeni, na hata tahajia nilikosea.

Mhispania yule ni Marc Gasol, mdogo wake Pau. Mwaka 2013 alitajwa mlinzi bora wa ligi nzima, na msimu huohuo Memphis wakafika fainali ya Kanda ya Magharibi. Lakers nao walivuna: fainali tatu mfululizo, 2008, 2009 na 2010, na vikombe viwili. Kwa hiyo sikuwa nimedanganya nilipoandika WIZI. Nilikuwa nimesoma jina moja tu kati ya majina yote yaliyokuwa mezani.

Tangu hapo kila dili kubwa la Februari nalipa ukurasa wake, na naujaza kwa utaratibu nitakaoueleza hapa. Dirisha la kubadilishana wachezaji hufungwa saa tisa alasiri kwa saa za New York, na saa chache kabla ya hapo taarifa humwagika kama mvua. Bila utaratibu unabaki kushangilia majina.

Andika kila kilichohama

Ukitoka kwenye soka, sahau ada ya uhamisho. Timu ya NBA hainunui mchezaji kwa kitita. Inatoa wachezaji, machaguo ya drafti, haki za wachezaji walio ng'ambo, na fedha kidogo zenye ukomo. Vyote hivyo viandike, hata vinavyoonekana vya kujazia.

Usiku wa kuamkia Februari 2, 2025, habari ya nyota wa Dallas, Luka Dončić, kwenda Lakers ilipotoka, mimi kama wengi nilidhani akaunti ya mwandishi imedukuliwa. Niliandika "Luka kwa Davis??" nikaweka kalamu chini. Nilipotulia ndipo nikajaza ukurasa. Dallas walimtoa Dončić, Maxi Kleber na Markieff Morris. Wakapokea Anthony Davis, Max Christie na chaguo la Lakers la raundi ya kwanza la 2029. Utah waliingia katikati wakamchukua Jalen Hood-Schifino pamoja na machaguo mawili ya raundi ya pili. Ukiitazama orodha hiyo ikiwa imekamilika, swali la kwanza linajitokeza lenyewe: kwa mchezaji wa miaka 25 aliyekuwa ametoka kuwapeleka fainali ya 2024, mbona chaguo la raundi ya kwanza ni moja tu? Swali hilo hulioni kama umeandika majina mawili na alama za kuuliza.

Pia usifunge orodha mapema. Taarifa ya kwanza husema "chaguo la raundi ya kwanza" na kuishia hapo. La nani? La mwaka gani? Februari 2024 Dallas walimchukua senta Daniel Gafford kutoka Washington kwa Richaun Holmes na chaguo la raundi ya kwanza la mwaka ule. Ilionekana bei ya kawaida. Lakini chaguo hilo halikuwa lao. Walilipata kutoka Oklahoma City, na walichowalipa ni haki ya kubadilishana nao nafasi kwenye drafti ya 2028. Bei halisi ya Gafford ilikuwa imekaa kwenye dili jingine kabisa, miaka minne mbele. Anayesoma kichwa cha habari peke yake ananunua mbuzi kwenye gunia.

Kila timu na rula yake

Kosa ninaloliona kila Februari ni kupima pande zote mbili kwa rula moja, kana kwamba zinacheza mchezo mmoja. Hazichezi. Kuna timu inayotaka kikombe Juni hii. Kuna inayojenga upya na kutaka vijana na machaguo. Kuna inayokimbia mishahara. Kabla ya kutoa alama yoyote, kwenye kila upande wa ukurasa naandika sentensi moja: "Hawa wanatafuta nini?"

Chukua Toronto, Februari 2019. Walimchukua Marc Gasol yuleyule wa pembeni ya ukurasa wangu, wakawapa Memphis Jonas Valančiūnas, Delon Wright, C.J. Miles na chaguo la raundi ya pili. Gasol alikuwa ametimiza miaka 34 siku chache nyuma. Valančiūnas alikuwa na 26. Kwa rula ya umri, Toronto walipoteza kwa mbali. Lakini Kawhi Leonard alikuwa na mkataba unaoweza kuisha kiangazi kile, na kila mtu aliyekuwa na macho aliona timu ile imepewa msimu mmoja. Rula yao ilikuwa Juni 2019. Juni 2019 wakabeba kikombe, Gasol akiwa senta wa kuanza. Valančiūnas aliendelea kucheza vizuri tu kwa miaka mingi, na hilo halipunguzi chochote.

Detroit walifanya jambo la aina hiyo mwaka 2004 kwa Rasheed Wallace, ambaye Atlanta walimtumia mechi moja tu kabla ya kumpitisha. Miezi minne baadaye Detroit walikuwa mabingwa.

Kuna na dili ambalo kila upande ulipata ulichokuwa ukikitafuta. Februari 2022 Sacramento walimtoa Tyrese Haliburton, akiwa na miaka 21, wakamchukua Domantas Sabonis kutoka Indiana. Niliwacheka Sacramento kwa sauti. Mwaka uliofuata wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2006. Indiana nao, wakiongozwa na Haliburton, wakafika fainali ya 2025 na kuipeleka hadi mechi ya saba. Ukinibana nichague, nitasema Indiana wamelamba dume. Lakini Sacramento walikuwa wanatafuta kuondoa aibu ya miaka kumi na sita, na waliiondoa. Cheko langu lilitokana na kuwapima kwa rula ya Indiana.

Machaguo: soma maandishi madogo

Hapa ndipo napoteza muda mwingi kuliko popote, na siujutii.

Chaguo la raundi ya kwanza si kitu kimoja chenye bei moja. Linaweza kuwa namba 1, linaweza kuwa namba 30. Kinachoamua ni mambo matatu: timu iliyolitoa itakuwa mbovu kiasi gani mwaka huo, kuna kinga gani, na mwaka wenyewe uko mbali kiasi gani.

Kinga ni sharti: "chaguo ni lako, isipokuwa likiangukia nafasi hizi." Februari 2011 Clippers walitaka kuuondoa mkataba wa Baron Davis. Wakampeleka Cleveland pamoja na chaguo lao la mwaka uleule, bila kinga yoyote, wakapokea Mo Williams na Jamario Moon. Bila kinga! Uwezekano wa chaguo lile kutoka namba moja kwenye bahati nasibu inayopanga nani achague kwanza ulikuwa asilimia 2.8. Likatoka namba moja, na Cleveland wakamchukua Kyrie Irving. Mtu atasema ilikuwa bahati. Ndiyo, bahati ilikuwa ya Cleveland, ila walioacha mlango wazi ni Clippers, na kuufunga kungegharimu mstari mmoja wa maandishi.

Linganisha na Minnesota, Februari 2020. Waliwapa Golden State Andrew Wiggins pamoja na chaguo la 2021 lenye kinga ya nafasi tatu za juu, wakamchukua D'Angelo Russell. Kinga haikuwasaidia, kwa sababu chaguo liliangukia namba 7, likawa Jonathan Kuminga, na Wiggins akawa nguzo ya ubingwa wa 2022. Lakini angalau janga kubwa zaidi lilikuwa limezuiwa. Mimi hutenganisha mambo hayo mawili: dili lenyewe niliwapa Minnesota alama ya chini, uandishi wa kinga niliwapa ya wastani.

Sasa kuhusu umbali wa mwaka. Wengi hudhani chaguo la miaka sita ijayo ni rahisi kwa sababu liko mbali. Mara nyingi ni kinyume. Mimi huchora jedwali dogo: upande mmoja miaka ya machaguo yaliyotolewa, upande wa pili umri wa nyota wa timu mwaka huo. Februari 2023 Phoenix walimchukua Kevin Durant kutoka Brooklyn. Walimtoa Mikal Bridges, Cameron Johnson, Jae Crowder, machaguo manne ya raundi ya kwanza yasiyo na kinga, ya 2023, 2025, 2027 na 2029, na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2028. Durant alikuwa na miaka 34. Kwenye jedwali langu, mstari wa 2027 unasema 38. Mstari wa 2029 unasema 40. Hapo huhitaji utabiri, unahitaji kujumlisha tu. Phoenix walishinda mfululizo mmoja wa mtoano mwaka ule, wakatolewa na Denver. Mwaka 2024 Minnesota wakawafagia mechi nne bila. Mwaka 2025 walimaliza na ushindi 36 na vipigo 46, na kiangazi kile Durant akaenda Houston. Machaguo bado yanadaiwa.

Umeona miaka ile inarukaruka, 23, 25, 27, 29? Si bahati mbaya. Kanuni ya Stepien, iliyopewa jina la Ted Stepien aliyekuwa mmiliki wa Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kugawa machaguo kama njugu, inaizuia timu kubaki bila chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili mfululizo ijayo. Tena huwezi kutoa chaguo la zaidi ya miaka saba mbele. Ndiyo maana ya ile haki ya 2028: ukibadilishana nafasi bado unabaki na chaguo, kwa hiyo kanuni haijavunjwa. Ukiona dili lenye machaguo yanayoruka mwaka mmoja mmoja na haki za kubadilishana zimejazwa katikati, jua timu imetoa kila kilichoruhusiwa kutolewa. Iandike hivyo: "Wamekomba jungu."

Pesa

Usiogope sehemu hii, mambo muhimu ni machache.

Kwa msimu wa 2025–26 kikomo cha mishahara ni dola milioni 154.6. Kodi ya anasa, tozo kwa timu inayolipa mishahara mikubwa mno, huanza 187.9. Juu yake kuna mistari miwili yenye vikwazo, inaitwa aproni: ya kwanza 195.9, ya pili 207.8. Timu iliyo juu ya aproni ya kwanza haiwezi kupokea mishahara mikubwa kuliko inayotoa. Iliyo juu ya aproni ya pili haiwezi hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja mkubwa. Kwa hiyo kabla ya kulaumu meneja kwa nini hakumchukua fulani, angalia alikuwa ghorofa ya ngapi. Mara nyingine alikuwa amefungwa mikono miaka miwili kabla.

Halafu tazama mikataba inaisha lini. Mkataba mkubwa unaoisha kiangazi ni mali, hata kama mwenye mkataba hachezi vizuri, maana unawaachia nafasi. Thamani ya Kwame Brown kwa Memphis ilikuwa hiyo, na mimi niliyekuwa nacheka sikuiona. Upande wa pili, ukimpata nyota ambaye mkataba wake unaisha unapata pia haki za Bird, yaani ruhusa ya kumsajili upya hata ukiwa umevuka kikomo. Dallas walimpata Irving hivyo Februari 2023, na kiangazi wakampa miaka mitatu mingine. Bila haki hizo wangekuwa wamemkodi miezi minne.

Dončić naye ana hesabu yake. Akibaki Dallas angestahili mkataba wa takriban dola milioni 345 kwa miaka mitano. Kuhamishwa kuliiondoa haki hiyo, na Agosti 2025 alisaini na Lakers miaka mitatu kwa milioni 165. Anayetaka kuelewa hofu ya Dallas aanzie kwenye ile 345. Kuelewa si kukubali. Mimi sikubaliani nao mpaka leo.

Dakika tano za mwisho

Baada ya karatasi, uwanja. Zoezi langu ni hili: natafuta mechi tano za karibuni za timu iliyonunua, zile za kubanana, naangalia nani wako uwanjani dakika tano za mwisho za robo ya nne. Naandika majina matano kwa penseli. Nafuta aliyeondoka, naandika aliyekuja. Halafu najiuliza: nani anamkaba gadi hatari wa wapinzani? Nani anapiga pointi tatu kutoka kona? Nani anakaa chini?

Nilifanya hivyo kwa Dallas Februari 2024, walipomleta Gafford na, siku hiyohiyo, P.J. Washington kutoka Charlotte. Penseli ilitoa Dončić, Irving, Derrick Jones Jr., Washington, Gafford. Gafford si mtu wa kuuza jezi. Lakini Dončić anapovuta walinzi wawili kwenye skrini (mwenzake akisimama kumzibia mkabaji njia), anahitaji mtu mrefu anayekimbilia ringi na kudaka mpira hewani, na Gafford kazi yake ni hiyo. Washington naye anakaba mafowadi wakubwa na kusubiri kona. Nafasi mbili zilizokuwa zinavuja zikazibwa. Watano hao ndio walioanza fainali ya Juni.

Nilipofanya zoezi hilohilo kwa Phoenix ya Durant mwaka mmoja kabla, penseli ilikwama. Bridges na Johnson walikuwa ndio wakabaji wa pembeni. Nilipata wafungaji watatu wa kutisha na mistari miwili ambayo sikujua nimwandike nani.

Nikikumbushia tu: mchezaji anayeachwa na timu yake kabla Machi 1 haijapita anaweza bado kucheza mtoano na timu nyingine, kwa hiyo pengo la benchi wakati mwingine huzibwa baadaye. Nguzo hazizibwi hivyo.

Na afya. Dili halikamiliki mpaka madaktari waridhike. Februari 2025 Lakers walikuwa wamekubaliana na Charlotte kumchukua senta Mark Williams, wakamtoa Dalton Knecht na chaguo la 2031 miongoni mwa vingine. Siku chache baadaye wakaivunja kwa sababu ya vipimo, kila mtu akarudi kwao. Sikuwa nimeandika alama bado, namshukuru Mungu. Wiki hiyohiyo Davis alicheza mechi yake ya kwanza Dallas, akapata pointi 26, ribaundi 16 na pasi 7 za mwisho, akatoka robo ya tatu ameumia. Historia ya majeraha yake ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kusoma. Kwangu mimi, hesabu mechi alizocheza mtu kwa misimu mitatu iliyopita kabla hujahesabu pointi zake.

Hukumu inaandikwa mara tatu

Naandika alama siku ya dili, naandika tena baada ya fainali, na mara ya tatu miaka mitatu baadaye. Kalamu ya kwanza haifutwi. Hilo ndilo gumu kuliko yote, maana mtu hupenda kujifanya alijua.

Dili la Irving ndilo linalonifanya nishikilie utaratibu huu. Aprili 2023 Dallas walimaliza na ushindi 38, vipigo 44, hata mechi za kugombea kuingia mtoano hawakucheza. Wangepimwa siku ile, wangepata sifuri. Miezi kumi na nne baadaye walikuwa fainali.

Ila kuna mtego upande wa pili: kumpa mtu sifa ya bahati. Mei 2025, Dallas wakiwa na uwezekano wa asilimia 1.8, walishinda bahati nasibu na kumchukua Cooper Flagg. Nimesikia watu wazima wakisema dili la Dončić sasa limejilipa. Hapana. Hakuna aliyekaa mezani Februari akapanga ile asilimia 1.8. Flagg namwandikia ukurasa wake. Mabosi wa Dallas hawakudanganyika pia: Novemba mwaka huo walimfukuza meneja mkuu, Nico Harrison.

Ukurasa wa Dončić una mstari mmoja ambao sijaujaza, nao ni lile chaguo la Lakers la 2029. Februari mwaka huo Dončić atatimiza miaka 30. Na nilipofungua ukurasa wa Irving ili kulinganisha, nikakuta Dallas walilipa Brooklyn kwa chaguo lao wenyewe la mwaka uleule, 2029. Nimezizungushia namba hizo mbili duara jekundu.